Etha na Mawe ya Shinkolobwe

Mwezi Aprili 1942, wanasayansi watatu waliketi mezani mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri, pamoja na Edward Mallinckrodt, mwenye kampuni ya kemikali iliyojulikana zaidi kwa dawa za hospitali. Watatu hao walikuwa Arthur Compton, Frank Spedding na Norman Hilberry. Hawakuja kununua dawa. Walitaka tani 60 za oksidi ya urani, safi kuliko urani yoyote iliyowahi kutengenezwa kwa wingi, na walizitaka upesi. Kampuni nyingine zilikuwa zimekwisha kukataa, kwa sababu njia ya kufikia usafi huo ilihitaji etha kwa mapipa. Etha ni kimiminika kile kile ambacho madaktari wa zamani walimnusisha mgonjwa ili alale kabla ya kupasuliwa. Huchemka kwenye nyuzijoto 35 tu za Selisiasi, na mvuke wake ukikutana na cheche, jengo zima linaweza kwenda. Mallinckrodt alikuwa amezoea kuitengeneza na kuishughulikia. Akakubali.

Siku hiyo ya mazungumzo, zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani nyingi kuliko yote duniani zilikuwa zimelala ghalani kwenye kisiwa cha Staten Island, New York. Zilikuwa zimetoka Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, Kongo ya Wabelgiji, kilomita 20 hivi upande wa magharibi wa mji ambao wakati huo uliitwa Jadotville na ambao tangu 1966 unaitwa Likasi.

Historia ya Shinkolobwe husimuliwa mara nyingi kama kisa cha majasusi na bomu. Si uongo, lakini kisa hicho kinaruka kazi yenyewe. Jiwe la Katanga halikuwa dawa wala silaha mpaka lisafishwe, na kila mara lilipopelekwa kusafishwa palikuwa na mtu aliyeamua kipi ni mali na kipi ni taka. Uamuzi huo ulibadilika mara tatu katika muda wa miaka mia moja, na haukufanywa Katanga hata mara moja.

Mara ya kwanza ilianza mwaka 1915. Mwingereza aitwaye Robert Rich Sharp alikuwa akizunguka katika vilima vya eneo hilo akitafuta shaba, kama walivyofanya watafiti wote wa madini wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Alichokikuta ni mawe mazito yenye rangi za manjano na kijani, na chini yake mwamba mweusi. Ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji imekaliwa na Wajerumani, na kampuni ilinyamaza. Uchimbaji ulianza mwaka 1921.

Mawe yale yaliwashangaza wataalamu. Profesa Alfred Schoep wa Chuo Kikuu cha Ghent alifungua masanduku yaliyotoka Katanga na kukuta madini ambayo hayakuwa na jina. Akayabatiza moja baada ya jingine: curite na sklodowskite kwa heshima ya Pierre na Marie Curie, becquerelite kwa heshima ya Henri Becquerel, soddyite kwa heshima ya Frederick Soddy, na kasolite kutokana na kilima cha Kasolo ambapo mgodi wenyewe ulikuwa. Mengine Schoep mwenyewe akapewa: schoepite. Katika orodha hiyo ndefu ya majina, Kasolo ndilo pekee lililotoka kwenye ardhi ya watu wa Katanga.

Lakini hakuna aliyemwaga fedha Shinkolobwe kwa ajili ya urani. Miaka hiyo urani ilikuwa rangi tu, ya kutia vyombo vya kioo na udongo umanjano na ukijani. Mali ilikuwa radiamu, ambayo imejificha ndani ya mawe hayo hayo kwa kiasi cha gramu moja hivi kwa kila tani tatu za urani. Hospitali za Ulaya na Marekani ziliitaka kwa tiba ya saratani, na bei yake ilitisha. Mwezi Mei 1921 Rais Warren Harding alimkabidhi Marie Curie zawadi ya gramu moja ya radiamu pale Ikulu ya Marekani, na gramu hiyo moja ilikuwa imegharimu dola 100,000 zilizochangwa na wanawake wa Kimarekani. Ilitoka kwenye mawe hafifu ya Colorado, ambayo yalilazimika kusagwa kwa mamia ya tani.

Union Minière ikajenga kiwanda chake Olen, karibu na Antwerp. Njia iliyotumika ilikuwa ile ya akina Curie. Mawe yalisagwa na kuchemshwa katika asidi, bariamu ikatiwa ili ishuke pamoja na radiamu, kisha chumvi hizo mbili zikatenganishwa kwa kuzichemsha na kuziacha zigande, zichemshwe tena na kugandishwa tena, mara nyingi sana, kila safari radiamu ikizidi kidogo kwenye fuwele. Mwaka 1922 Olen ikatoa gramu yake ya kwanza. Bei ya dunia ikashuka hadi dola 70,000 kwa gramu, na viwanda vya radiamu vya Marekani vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Hakuna mgodi wa Colorado uliokuwa na ubavu wa kushindana na Kasolo.

Na urani? Ilirundikwa. Olen ilikuwa na shehena kubwa ya kitu ambacho soko halikukitaka.

Wachimbaji wa Shinkolobwe waliishi maisha ya makambi ya Union Minière kama wenzao wa migodi ya shaba. Kampuni ilikusanya vijana kutoka Katanga yenyewe, Kasai, Rodeshia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, ikawapa nyumba, posho ya unga na kengele ya kuamkia. Katika makambi hayo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi na ya jioni, hata kwa mtu aliyefika akijua Kiluba au Kibemba peke yake. Kazi ya kuchagua mawe mazuri kutoka kwenye kifusi ilifanywa kwa mikono. Wazungu wa maabara kule Ulaya walikuwa wanajifunza polepole jinsi radiamu inavyokula mifupa ya mtu. Huku Kasolo mtu alishika jiwe, akaliangalia rangi, akalitupa ndani ya kikapu chake.

Mwaka 1930 mtafiti wa madini Gilbert LaBine alipata urani kwenye Ziwa Great Bear, kaskazini mwa Kanada, na baada ya miaka michache Wakanada wakaanza kuuza radiamu yao. Bei ikaanguka. Wakubwa wa pande mbili wakaishia kugawana soko, na kwa kuwa Union Minière ilikuwa na akiba ya kuitosha miaka mingi, ikasimamisha mgodi wa Shinkolobwe kabla ya muongo huo kwisha. Maji yakajaa mashimoni.

Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, hakuwa mwanasayansi, lakini alikuwa na masikio. Mwezi Mei 1939, miezi michache tu baada ya habari kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuliwa, alikutana London na mwanasayansi Sir Henry Tizard. Mwingereza huyo alimwonya kwamba mali aliyonayo inaweza kuleta maafa makubwa ikiangukia mikononi mwa adui. Frédéric Joliot-Curie na wenzake wa Paris nao wakamfuata wakitaka urani kwa majaribio yao. Agosti mwaka huo Albert Einstein alitia saini barua kwenda kwa Rais Roosevelt, na barua ile ilitaja wazi kwamba chanzo kikuu cha urani ni Kongo ya Wabelgiji.

Sengier akahamia New York. Ubelgiji ilipoanguka mwaka 1940, akatoa amri: mawe yote mazuri yaliyochimbwa na kubaki juu ya ardhi Katanga yatiwe ndani ya mapipa ya chuma na kupelekwa Marekani. Yalipita kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola, kisha baharini, na kufikia mwisho wa mwaka tani 1,250 hivi zikawa Staten Island. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65. Migodi ya Marekani wakati huo ilishukuru ikipata chini ya nusu ya asilimia moja.

Kilichofuata kinachekesha na kusikitisha. Masika ya 1942 Sengier aliwakumbusha zaidi ya mara moja maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwamba ana urani. Wao walitaka kuzungumza habari za kobalti. Mwezi Septemba ndipo Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipobisha hodi ofisini kwake, Broadway. Sengier alitaka kwanza kuona kitambulisho, kisha akauliza kama mgeni amekuja kwa maneno au kwa biashara. Nichols aliondoka na ukurasa wa karatasi ya manjano wenye makubaliano: mawe ya Staten Island ni ya jeshi, na yaliyobaki Shinkolobwe yatafuata. Kipengele kimoja hakikubadilika. Radiamu iliyomo ndani ya mawe ilibaki mali ya Wabelgiji, kupitia tawi lao la African Metals, na taka za kiwandani zingetunzwa kwa ajili yao. Sengier alikuwa bado anahesabu kwa mizani ya 1922.

Miezi tisa kabla ya hapo, mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wamegoma wakidai mishahara inayolingana na bei za wakati wa vita. Jadotville damu ilimwagika. Tarehe 9 Desemba askari wakafyatua risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na kuua makumi ya watu. Shaba, kobalti na urani ya Katanga iliingia katika vita vya kupigania uhuru wa dunia kwa njia hiyo.

Sasa turudi kwenye etha, kwa maana hapo ndipo kazi ngumu ilipokuwa.

Ili moto wa nyuklia uwake, nyutroni moja inayotoka kwenye kiini kilichopasuka lazima ifike kwenye kiini kingine bila kumezwa njiani. Wapo wamezaji wabaya sana: boroni, kadimiamu, gadoliniamu na wenzao. Chembe chache za boroni katika kila milioni zinatosha kuzima moto kabla haujashika. Mkemia wa kawaida angeita urani yenye uchafu wa kiasi hicho safi kabisa. Mwanafizikia aliiita takataka.

Tatizo hilo hilo lilikuwa kwenye grafiti, madini ambayo Watanzania huyaita kinywe. Wanafizikia Enrico Fermi na Leo Szilard, waliokuwa Marekani, walihitaji mamia ya tani za grafiti ili kupunguza mwendo wa nyutroni. Szilard alishuku mapema kwamba grafiti ya madukani imejaa boroni, akawabana watengenezaji mpaka wakabadili malighafi na tanuru. Kule Heidelberg, Walther Bothe alipima grafiti mwaka 1941, akaona inameza nyutroni mno, na Wajerumani wakaamua kutegemea maji mazito ya Norwei. Usafi wa mkaa uliamua nani afuate njia ipi. Mara chache sana historia ya vita imetegemea kitu kidogo kiasi hicho.

Kwa upande wa urani, jibu lilikuwa limelala vitabuni kwa miaka mia moja. Mfaransa Eugène-Melchior Péligot, mtu wa kwanza kupata urani ikiwa metali mwaka 1841, aligundua muda mfupi baadaye kwamba nitrati ya urani huyeyuka ndani ya etha. Hilo si jambo la kawaida. Chumvi nyingi za metali hukaa kwenye maji na hazitaki kabisa kuingia ndani ya kimiminika cha namna hiyo. Chumvi ya urani inakubali. Kwa hiyo anayetaka kuitenga na wenzake anahitaji tu kuipa nafasi ya kuvuka.

Kiwandani St. Louis ilikuwa hivi. Oksidi chafu ya urani ilimwagiwa asidi ya nitriki moto mpaka ikawa mchuzi wa manjano. Mchuzi ulichemshwa ukawa mzito, ukapoozwa, kisha ukachanganywa na etha katika mtungi uliofungwa vizuri. Ukiachwa utulie, vimiminika viwili hujitenga kama mafuta juu ya maji: etha juu, imebeba urani, maji chini, yamebaki na chuma, shaba, boroni na uchafu mwingine wote. Maji ya chini yalifunguliwa yakatoka. Etha iliyobaki ikasukasukwa na maji safi, na urani ikarudi ndani ya maji hayo, safari hii peke yake. Etha ikarudishwa kazini. Maji yenye urani yakachemshwa hadi kukauka na kuunguzwa, ikapatikana poda ya rangi ya chungwa, na poda hiyo ikapitishiwa hidrojeni ikawa oksidi ya kahawia. Spedding na timu yake kule Ames, Iowa, ndio waliovumbua jinsi ya kuifanya metali kwa wingi.

Kwenye maabara kazi hiyo hufanyika kwa chupa ya kiganjani. Mallinckrodt waliifanya kwa mitungi mikubwa, ndani ya majengo ya zamani katikati ya mji, mahali ambapo mtu mmoja akiwasha sigara angeweza kuua mtaa. Walianza bila kungoja mkataba utiwe saini. Mwezi Julai walikuwa wanakaribia tani moja kwa siku. Kufikia mwisho wa mwaka tani zote 60 zilikuwa zimetoka, na tarehe 2 Desemba 1942, chini ya viti vya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, rundo la tani 350 hivi za grafiti, zaidi ya tani 36 za oksidi na zaidi ya tani tano za metali ya urani liliwaka moto wa nyuklia wa kwanza uliotengenezwa na binadamu. Haki isemwe: urani iliyotangulia kupita ndani ya etha ya St. Louis ilitoka zaidi kwenye mawe ya Kanada. Mawe ya Kongo yalifuata, na yalipofuata yaliwapita Wakanada mbali.

Shinkolobwe ikafufuliwa. Wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kunyonya maji kwenye mgodi, na treni zikaanza kubeba mapipa hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, kisha mashua hadi Léopoldville, kisha reli tena hadi Matadi. Jina la mahali hapo likawa siri. Mawe yenyewe hayakwenda moja kwa moja St. Louis, yalisafishwa kidogo kwanza huko Port Hope nchini Kanada na katika viwanda vya New York na Pennsylvania, ndipo unga mweusi uliopatikana ukapelekwa kwenye etha. Karibu theluthi mbili ya urani ya mradi wa Manhattan, ule wa Wamarekani wa kutengeneza bomu la nyuklia, ilikuwa ya Katanga. Ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya malighafi nyuma ya bomu la Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na nyuma ya vinu vya Hanford vilivyotengeneza plutoniamu ya Nagasaki siku tatu baadaye. Mwaka 1946 Sengier alivishwa nishani ya Medal for Merit, raia wa kigeni wa kwanza kupewa heshima hiyo na Marekani.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba pande zote za vita zilikuwa zinasafisha jiwe moja. Wajerumani walipoingia Ubelgiji mwaka 1940 waliikuta ile shehena ya urani ya Olen, taka za enzi ya radiamu, wakachukua zaidi ya tani 1,000. Kampuni ya Auer, chini ya mkemia Nikolaus Riehl, iliisafisha Oranienburg kwa kuigandisha mara kwa mara, kwa mtindo ule ule waliouzoea kwa radiamu. Vita vilipokwisha, Wamarekani walipata sehemu kubwa ya shehena hiyo Stassfurt, na Warusi wakapata tani 100 hivi mahali pengine. Riehl mwenyewe akapelekwa Urusi, kwenye mji wa Elektrostal, ambako baadaye walihamia kwenye etha. Igor Kurchatov, kiongozi wa mradi wa nyuklia wa Warusi, alikadiria kwamba tani hizo 100 ziliwaokolea mwaka mzima hivi wa kazi. Kinu cha kwanza cha Warusi kiliwaka Desemba 1946. Kilima kimoja cha Katanga kililisha mahasimu wote wawili wa vita baridi, kabla vita hiyo haijapata jina.

Baada ya 1945, Mallinckrodt walijenga kiwanda kipya na kuanza kupokea mawe ya Shinkolobwe yenyewe, bila kupitia mikono mingine. Hapo ndipo taka zikawa tatizo la wazi. Katika hesabu mpya urani ndiyo mali, na radiamu, iliyonunuliwa zamani kwa dola laki moja kwa gramu, ndiyo iliyobaki chini ya mtungi. Vinu vya nyuklia vilikuwa sasa vinatengeneza vyanzo vya mionzi kwa bei nafuu, na soko la radiamu lilikuwa linakufa. Masalio ya mawe ya Kongo yakapewa jina la siri, K-65. Yakarundikwa karibu na Lewiston katika jimbo la New York, na mengine yakapelekwa Fernald, Ohio, kiwanda kikubwa kilichoanza kazi miaka ya mwanzo ya 1950. Mengine yalikaa wazi karibu na uwanja wa ndege wa St. Louis, pembeni ya kijito cha Coldwater. Mwaka 1973 mkandarasi mmoja alichukua tani 8,700 za salfeti ya bariamu iliyobaki, akazichanganya na udongo, na kuzimwaga kwenye jalala la West Lake, ndani ya kitongoji cha watu. Watu wa St. Louis wanaijua Kongo kwa njia hiyo: kupitia mikutano ya hadhara juu ya jalala.

Fernald haikutumia etha. Wakemia walikuwa wamepata kiyeyushi kisicholipuka ovyo, fosfeti ya tributili iliyochanganywa na mafuta ya taa, na mpaka leo hiyo ndiyo njia kuu ya kusafisha urani duniani. Kanuni haikubadilika: maji huku, mafuta kule, urani inavuka na uchafu unabaki. Masalio ya K-65 ya Fernald yalihamishiwa Texas mwaka 2005 na 2006, yakiwa yamechanganywa na saruji.

Kuna kisa kidogo ambacho hakina budi kutajwa hapa. Mwaka 2010 maabara ya James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, ilitangaza njia bora ya kutengeneza oksidi ya grafini: grafiti huunguzwa kwa asidi kali na pamanganati, kisha majani yake membamba husafishwa kwa maji, kwa asidi ya hidrokloriki ili kung'oa chumvi za metali, kwa ethanoli, na mwisho kwa etha ili yashikamane na kuweza kukusanywa. Hatua ya kuosha ndiyo inayochosha, maana oksidi hiyo ikikutana na maji huvimba ikawa kama uji. Miaka mitatu baadaye maabara hiyo hiyo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moscow, wakaonyesha kwamba majani hayo yakitiwa kwenye maji yaliyochafuliwa hushika urani na ndugu zake upesi na kushuka nayo chini. Grafiti, etha na urani vilikutana tena, safari hii kwa lengo la kuondoa urani majini. Bado ni kazi ya maabara. Lakini mtu anayeishi kando ya kijito chenye masalio ya mgodi ana haki ya kuuliza kazi hiyo itatoka maabarani lini.

Kongo ilipata nini? Mwaka 1959, kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, kinu kidogo cha utafiti kutoka Marekani kiliwashwa kwa juhudi za mkuu wa chuo, Padre Luc Gillon. Kilikuwa cha kwanza katika bara zima la Afrika. Mafuta yake yalikuwa urani iliyosafishwa na kurutubishwa ng'ambo. Mwaka uliofuata, uhuru ukiwa mlangoni, Union Minière ilifunga Shinkolobwe na kuziba mashimo kwa zege.

Zege haikuzuia watu. Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi, lilipodhoofika miaka ya 1990, maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia Shinkolobwe kwa sururu na kamba. Hawakufuata urani. Walifuata kobalti, ile ile ambayo maofisa wa Washington waliiulizia mwaka 1942, na kijiji kizima kikaota juu ya kifusi. Tarehe 28 Januari 2004 Rais Joseph Kabila alisaini amri ya kufunga eneo. Uchimbaji uliendelea. Tarehe 8 Julai shimo lilibomoka na kuua watu wanane. Kijiji kikabomolewa, na baadaye mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika wakaonya kwamba mahali hapo panaweza kubomoka tena, na kwamba mtu akifanya kazi hapo kwa muda mrefu mnururisho utamdhuru. Eneo limebaki limefungwa kisheria.

Kilichobadilika ni kwamba viyeyushi navyo vimefika Katanga. Mwaka 2009 mgodi wa Tenke Fungurume, kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Kolwezi, ulianza kutoa shaba kwa njia ambayo mkemia yeyote wa St. Louis ya 1942 angeitambua. Mawe huloweshwa asidi, mchuzi wake wa buluu huchanganywa na kiyeyushi kilichotiwa ndani ya mafuta ya taa, shaba huvuka, kisha hurudishwa kwenye asidi safi na kugandishwa kwa umeme ikawa mabamba ya kuuzwa moja kwa moja. Migodi mingine mikubwa inafanya hivyo hivyo. Kazi ya usafishaji ya aina ile iliyofanywa zamani Olen, Port Hope na St. Louis, kwa shaba leo inafanywa na vijana wa Likasi, Fungurume na Kolwezi wakiwa wamevaa helmeti na glavu za mpira.

Kwa kobalti, bado. Sehemu kubwa ya kobalti ya Kongo huondoka nchini ikiwa haidroksidi ghafi, unga kwenye magunia makubwa juu ya malori, na hatua za mwisho za kuisafisha hadi iweze kuingia kwenye betri ya simu au gari hufanyika China.